Divisheni ya 2.0 Haipo: Mwongozo wa Ngazi za Upimaji kwa Mtafiti wa Elimu

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa na jedwali moja nililolipenda kuliko yote. Nilikuwa nimekusanya matokeo ya kidato cha nne ya shule kadhaa za kata, nikaingiza divisheni kwenye kompyuta kama namba, yaani 1, 2, 3, 4 na 0, kisha nikapiga wastani wa kila shule. Msimamizi wangu alilitazama, akaizungushia kalamu nyekundu 2.0 mojawapo, akaandika pembeni: "Mtoto wa divisheni mbili nukta sifuri ni yupi?"

Nilidhani ananitania. Baadaye nikakaa na karatasi na kalamu. Chukua shule mbili zenye watahiniwa watano watano. Ya kwanza wote wamepata divisheni ya pili: 2+2+2+2+2 ni 10, gawa kwa 5, wastani ni 2. Ya pili ina wawili wa divisheni ya kwanza, wawili wa nne na mmoja wa ziro: 1+1+4+4+0 ni 10, wastani 2 vilevile. Kwenye jedwali langu shule hizo ni mapacha. Kuna baya zaidi. Ziro ndiyo matokeo mabovu kuliko yote, lakini kwenye hesabu ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo kila aliyefeli alikuwa anaipandisha shule yake. Shule ambayo wote wamepata ziro ingeongoza jedwali zima.

Kompyuta haikulalamika, wala haitalalamika kwako. Yenyewe inaona namba tu, na kazi ya kujua namba hiyo ilipatikanaje ni yako. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo, toka unapoandika swali la utafiti hadi unapoandika sura ya matokeo.

Hatua ya kwanza: orodhesha vigeu kabla ya kuandika dodoso

Kigeu ni chochote kinachobadilika toka mtu hadi mtu au shule hadi shule: jinsia, umri, mahudhurio, gredi ya hisabati, umbali wa kwenda shuleni. Chora jedwali lenye safu tatu: jina la kigeu, nitakipataje, na namba yake itamaanisha nini. Safu ya tatu ndiyo watu wengi huiruka, kisha inakuja kuwatesa miezi sita baadaye.

Tuseme unataka kujua kama watoto wa darasa la pili wanaohudhuria vizuri wanasoma vizuri zaidi. Swali dogo hilo, lakini tayari lina vigeu viwili vikuu na vingine vitano sita nyuma yake: jinsia, umri, elimu ya mzazi, umbali, idadi ya wanafunzi darasani, na kama mtoto alipita darasa la awali.

Hatua ya pili: kiulize kila kigeu maswali manne

Mgawanyo unaotumika karibu kila mahali ni wa mwanasaikolojia wa Marekani S. S. Stevens, aliyeuchapisha katika jarida la Science mwaka 1946. Alitaja ngazi nne, na unaweza kuzifikia kwa maswali manne yanayofuatana. Ukijibu "hapana", simama hapo hapo.

Je, namba hizi zinatofautisha kitu na kitu? Kama zinatofautisha tu, hiyo ni ngazi ya majina, ambayo wengine huiita nominali. Jinsia, mkoa, aina ya shule (ya serikali au binafsi), lugha ya nyumbani. Ukiandika 1 kwa mvulana na 2 kwa msichana, namba hizo ni kama za mgongoni mwa jezi: namba 10 hamzidi beki namba 5 mara mbili kwa lolote. Frederic Lord aliandika makala ya mzaha mwaka 1953 kuhusu profesa aliyeuza namba za jezi na mwanatakwimu aliyezipigia wastani, na wanatakwimu hawajaacha kubishana juu yake.

Je, zina mpangilio, huyu yuko mbele ya yule? Hiyo ni ngazi ya mpangilio, ordinali. Gredi, divisheni, nafasi ya darasani, kiwango cha elimu ya mzazi. Unajua nani yuko juu, hujui kwa kiasi gani. Wa kwanza darasani anaweza kumzidi wa pili kwa alama moja, na wa pili akamzidi wa tatu kwa ishirini.

Je, hatua kati ya namba na namba zinalingana? Hiyo ni ngazi ya vipindi sawa, intavali. Hapa vitabu hutoa mfano wa nyuzi za Selsiasi, lakini sisi tuna mfano bora ukutani: saa. Mwalimu mmoja kafika shuleni saa mbili asubuhi, mwingine saa nne. Tofauti yao ni saa mbili, haina ubishi. Je, wa pili amechelewa "mara mbili"? Kwa saa zetu 4 gawa kwa 2 ni mbili. Kwa saa za Kizungu ni 10 gawa kwa 8, ambayo ni 1.25. Tofauti imebaki ileile ila uwiano umebadilika, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na wao wanaanza usiku wa manane. Sifuri ya saa ni makubaliano tu. (Na ukitumia wasaidizi wa utafiti, waelekeze kabisa wataandika saa zipi. Nimewahi kupokea madodoso yenye 2:00 na 8:00 kwa wakati uleule wa asubuhi.)

Je, sifuri ni sifuri kweli, yaani kitu chenyewe hakipo? Hiyo ni ngazi ya uwiano. Siku za kuhudhuria, idadi ya madawati, kilomita, maneno yaliyosomwa kwa dakika. Aliyehudhuria siku 80 amehudhuria mara mbili ya aliyehudhuria 40, na unaweza kuliandika hivyo bila wasiwasi.

Alama za mtihani ndizo zinazowachanganya watu. Maswali aliyopata mtoto kati ya 50 ni hesabu yenye sifuri halisi. Lakini wewe huchunguzi karatasi, unachunguza ujuzi. Mtoto aliyepata 0 kwenye hisabati anajua kuhesabu chenji ya dukani. Mtihani wako ndio haukushuka hadi alipo. Kwa hiyo usiandike kwamba mwenye 40 anajua mara mbili ya mwenye 20. Zichukulie alama kuwa za vipindi sawa, tena kwa tahadhari, kwa kuwa kupanda toka 90 hadi 95 si sawa na kupanda toka 40 hadi 45, kama mwalimu yeyote atakavyokwambia. Tathmini ya SACMEQ, yaani muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaofuatilia ubora wa elimu, ambayo Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda zimeshiriki, iliepuka tatizo hili kwa kugeuza majibu kuwa mizani maalumu kwa njia ya Rasch, modeli ya takwimu inayozingatia ugumu wa kila swali, wastani ukiwekwa 500 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) 100. Kwenye mizani hiyo tofauti zinalinganishika, lakini hakuna anayedai kwamba 600 ni mara mbili ya 300.

Gredi na divisheni, kwa karibu

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo tafiti nyingi za elimu Tanzania huvunjikia. Matokeo ya kidato cha nne yanayopatikana kwa urahisi ni gredi, si alama ghafi. Gredi hizo zimekatwa hivi: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Angalia upana wake. B imebeba alama 10, C alama 20, F alama 30. Halafu kila gredi hupewa pointi zinazopishana kwa moja: A ni 1, B ni 2, C 3, D 4, F 5. Hatua za pointi zinalingana kwenye karatasi, lakini kilichomo ndani yake hakilingani.

Sasa fikiria umeleta mbinu mpya ya kufundisha. Mwanafunzi mmoja kapanda toka 46 hadi 63, alama 17 nzima. Gredi yake ilikuwa C na imebaki C. Mwenzake kapanda toka 64 hadi 65, na huyo ametoka C kwenda B. Ukipima kwa gredi, mbinu yako imemsaidia wa pili tu.

Divisheni inaongeza tabaka jingine. Pointi za masomo saba bora hujumlishwa: 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni ziro. Ya kwanza ina pointi 11 ndani yake, ya pili ina 4. Ndiyo maana nasema ukiweza kupata pointi, chukua pointi. Ukipata alama ghafi shuleni, achana na vyote viwili uchukue alama.

Kuna atakayesema: mbona Baraza la Mitihani lenyewe hutoa GPA ya kituo, ambayo ni wastani wa pointi? Ni kweli, na kwa kupanga shule kiutawala inafaa. Katika tasnifu unaweza kuitumia mradi useme wazi umeitumia kama kipimo cha kukadiria, na ueleze kwamba ndogo ndiyo nzuri. Mwelekeo huu huwapoteza hasa wanaolinganisha na Kenya, ambako kwenye KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, A ni pointi 12 na E ni 1, kubwa ndiyo nzuri. Na ukifuatilia matokeo ya Tanzania miaka mingi, chunga mwaka 2014: ulitolewa kwa mfumo wa GPA, ndipo divisheni zikarudi mwaka uliofuata. Usiunganishe miaka hiyo kwenye mstari mmoja wa grafu kana kwamba rula ilikuwa ileile.

Hatua ya tatu: kusanya kwa ngazi ya juu kabisa inayosema kweli

Kushuka ngazi ni rahisi, kupanda haiwezekani. Mwenye tarehe ya kuzaliwa anaweza kupata umri, kisha makundi ya umri, kisha "mkubwa kwa darasa lake" au siyo. Aliyeweka alama ya vema kwenye kisanduku cha "miaka 7–9" hana njia ya kurudi.

Kwa hiyo mahudhurio usimuulize mwalimu kama mtoto huhudhuria "mara nyingi" au "mara chache". Omba rejesta uhesabu siku. Umbali usiuulize kwa "karibu" na "mbali". Uliza dakika anazotembea, au upime mwenyewe. Elimu ya mzazi uliza darasa la mwisho alilomaliza.

Nimesema "inayosema kweli" kwa makusudi. Ukimuuliza mkulima kipato chake cha mwaka kwa shilingi utapata namba nzuri ya ngazi ya uwiano, na itakuwa ya kubuni. Hana daftari la mapato, tena anashangaa unataka kujua ya nini. Afadhali umuulize ana baiskeli au hana, paa ni la bati au nyasi, kuna umeme, kuna redio. Utapata kigeu cha mpangilio tu, lakini unaweza kukitegemea.

Hatua ya nne: jaribu maneno ya mizani ya maoni

Mizani ya "nakubali" na "sikubali" ilianzishwa na Rensis Likert mwaka 1932, na kwetu imekuwa kama chumvi, kila dodoso inamo. Lakini mpangilio wake unategemea maneno, na maneno ya Kiswahili yana tabia zake. Madodoso mengine yana "nakubali", "nakubali sana", "nakubali kabisa". Je, kipi kiko juu, sana au kabisa? Waulize walimu kumi uone. Neno "wastani" likiwekwa katikati, wengine hulisoma kuwa ni sifa njema ya unyenyekevu. Na "sijui" si katikati: asiyejua hayuko nusu njia kati ya kukubali na kukataa. Ipe nafasi yake pembeni na usiipe namba 3.

Njia ninayotumia haina gharama. Andika kila jibu kwenye kikadi, vuruga vikadi, mpe mwalimu avipange toka chini hadi juu. Rudia kwa watu wanane au kumi wa aina utakayowahoji. Wakitofautiana, mizani yako haina mpangilio, kwa hiyo badilisha maneno.

Kuhusu ugomvi wa kama mizani hii inapigiwa wastani, msimamo wangu ni huu. Swali moja peke yake ni la mpangilio. Toa asilimia za kila jibu. Maswali manane au kumi yanayopima jambo moja, yakijumlishwa na yakionyesha kwamba yanakwenda pamoja, jumla yake unaweza kuichukulia kama ya vipindi sawa. Wapo watakaokukatalia hata hilo, basi andika sababu zako mapema kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti.

Hatua ya tano: andaa kitabu cha misimbo

Ni ukurasa mmoja au miwili unaoeleza kila namba uliyoingiza. Andika jina la kigeu, ngazi yake, misimbo, mwelekeo (kubwa ni nzuri au mbaya), na msimbo wa data iliyokosekana. Huo wa mwisho uchague kwa makini. Wengi hutumia 99, kisha wakasahau kuiambia programu, na mtoto wa darasa la pili akawa na miaka 99 akiuvuta umri wa darasa zima. Usitumie 0 kamwe kwa kilichokosekana, maana siku 0 za kuhudhuria na rejesta iliyopotea ni mambo mawili tofauti.

Kwenye SPSS, programu ya takwimu, nenda ukurasa wa Variable View, safu ya Measure, uchague Nominal, Ordinal au Scale. Scale imejumuisha vipindi sawa na uwiano pamoja, kwa hiyo suala la sifuri unabaki nalo wewe. Divisheni ziingize kwa misimbo inayofuata mpangilio wa kweli: ziro ipewe 5, siyo 0.

Hatua ya sita: chagua muhtasari na jaribio

Kwa majina, toa idadi, asilimia na modi, yaani jibu linalojitokeza zaidi. Kulinganisha makundi tumia kai-mraba. Kwa mpangilio, toa namba ya katikati na asilimia za kila daraja. Makundi mawili yalinganishe kwa jaribio la Mann-Whitney, zaidi ya mawili kwa Kruskal-Wallis, na uhusiano kwa mgawo wa Spearman. Kwa vipindi sawa na uwiano, wastani, mkengeuko sanifu, jaribio la t, ANOVA na mgawo wa Pearson. Orodha hii utaikuta kila kitabu, sitakawia nayo. Wasichokisema mara nyingi ni kwamba ngazi ya juu haikupi ruhusa ya kupiga wastani ukafumba macho.

Chukua watoto kumi wa darasa la pili waliosomeshwa aya kwa dakika moja, ukahesabu maneno waliyosoma sawasawa: 0, 0, 0, 0, 8, 12, 20, 35, 45, 60. Ngazi ni ya uwiano, safi kabisa. Jumla ni 180, wastani maneno 18. Lakini tazama orodha: hakuna mtoto wa maneno 18. Wanne hawasomi kabisa, watatu wanasoma vizuri, wengine wanasota katikati. Namba ya katikati ni 10. Taarifa yenye manufaa kwa mwalimu mkuu ni hii: wanne kati ya kumi hawakusoma hata neno moja. Anza na hilo, wastani ufuate.

Tathmini za Uwezo, zinazopima usomaji na hesabu za watoto, zilizoanzishwa mwaka 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, hupima kwa ngazi ya mpangilio: mtoto yuko kwenye silabi, maneno, aya au hadithi. Usimpe silabi 1 na hadithi 4 ukapiga wastani wa wilaya ukapata 2.7. Sema ni asilimia ngapi wamefika angalau aya. Mzazi anaelewa, na ofisa elimu kata anaelewa.

Mtego mwingine upo kwenye uwiano wenyewe. Shule moja ina wanafunzi 1,200 na walimu 12, yaani 100 kwa mwalimu mmoja. Jirani yake ina 80 na walimu 4, yaani 20. Wastani wa 100 na 20 ni 60. Lakini wanafunzi wote ni 1,280 na walimu wote 16, ambayo ni 80 kwa mwalimu. Namba zote mbili ni sahihi kihesabu. Ya kwanza inaeleza shule, ya pili inaeleza hali ya wanafunzi na walimu wao. Andika umetumia ipi.

Hatua ya saba: iandike ngazi kwenye sura ya tatu na sura ya nne

Sentensi mbili kwa kila kigeu kikuu zinatosha. Mfano: "Mahudhurio yalipimwa kwa idadi ya siku kutoka rejesta ya muhula wa kwanza. Usomaji ulipimwa kwa madaraja manne yenye mpangilio, hivyo uhusiano wake na mahudhurio ulipimwa kwa mgawo wa Spearman." Mtahini akisoma hivyo, maswali yake mengi yamejibiwa kabla hajayauliza.

Na kama umeshakusanya vibaya, usikimbilie kubuni. Tazama kwanza kama data ghafi bado ipo mahali. Mimi nilirudi kwenye karatasi za matokeo nilizokuwa nimezipiga chapa mwenyewe, na pointi zilikuwa pale pale, safu moja kushoto ya divisheni. Nilizipita mara ya kwanza kwa sababu divisheni ilikuwa fupi kuandika. Kuziingiza upya kulinichukua siku tatu, na shule iliyokuwa ya pili kwenye jedwali langu la zamani ikaangukia mkiani.